Jibu: Maziwa yananijaza gesi, mtindi haunisumbui

Habari ndugu. Umesema kikombe cha maziwa kinakujaza gesi na kukuharisha ndani ya saa moja, ila mtindi haukusumbui. Anza kushuku laktosi, yaani sukari ya maziwa. Utumbo mwembamba ukipungukiwa laktesi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, sukari hiyo hufika utumbo mpana bila kuvunjwa. Huko huvuta maji, bakteria huichachua, tumbo linajaa gesi. Kwenye mtindi bakteria wameshaila sehemu ya laktosi. Kuchemsha hakusaidii, laktosi haiondoki kwa moto.

Acha maziwa wiki 2, kisha jaribu nusu kikombe pamoja na chakula. Usisahau chai ya maziwa, nayo inahesabika! Ukiona damu kwenye choo au unakonda, nenda hospitali kwanza.