Mama wa Kibosho aliniuliza "kwa nini?" nikakosa jibu

Mmeuliza wiki hii, tamthilia gani ndefu iliharibika na iliharibikia wapi. Jibu ninalo tangu 2019. Game of Thrones, ile tamthilia ya koo zinazogombania kiti cha mfalme, na naomba niseme vizuri maana wengi wanasema tu "mwisho mbovu" wanaishia hapo hapo.

Mi ni msusi, niko Majengo hapa Moshi. Rasta ndogo ndogo zinakula masaa matano mpaka sita, mteja amekaa chini katikati ya magoti yangu, kwa hiyo huwa nasimulia. Kaka yangu alikuwa ananiletea kwenye flashi, usiku naangalia, kesho yake saluni nzima inasikia. Na ukisimulia kwa mdomo ndo unajua kama hadithi ina mifupa, maana msikilizaji haoni majoka wala mapanga, yeye ana "afu ikawaje" na "kwa nini" basi.

Sizoni za mwanzo hiyo "kwa nini" haikuwahi kunishinda. Ned Stark, uliyedhani ndo staa, anakatwa kichwa episodi ya 9 ya sizoni ya kwanza kabisa. Kwa nini? Kwa sababu alimfuata malkia Cersei mwenyewe akamwambia siri yako naijua, ondoka na wanao kabla mfalme hajarudi kutoka kuwinda, yaani alimwonea huruma adui akampa muda. Mwanae Robb aliahidi kuoa binti wa Walder Frey, mwenye daraja, ili jeshi lake livushwe, afu akaoa mwingine kwa mapenzi, na sizoni ya 3, kwenye harusi nyumbani kwa Frey, wakachinjwa yeye, mama yake na mke wake mwenye mimba. Siku nasimulia hiyo dada mmoja alinishika mkono, rasta bado iko vidoleni, akasema subiri kwanza. Alilia kweli, na mi nikalia.

Halafu nywele jamani! Khal Drogo, mkuu wa wapiganaji wa farasi wanaoitwa Dothraki, msuko wake mrefu vile kwa sababu hajawahi kushindwa vita, Dothraki akishindwa anakatwa msuko. Hakuna haja ya mtu kukuhubiria kwamba huyu ni hatari, unaona kichwa chake unaelewa. Mke wake Daenerys, yule mwenye majoka, naye kadiri anavyoshinda misuko inaongezeka, mi nilikuwa nasimamisha picha naangalia kilivyosukwa.

Sasa sizoni 6 za kwanza zilikuwa na episodi 10 kila moja, ya 7 wakaweka 7, ya 8 wakaweka 6, jumla 73. Hapo ndo ilipoharibikia. Mwanzoni Mfalme Robert anakaa mwezi barabarani kufika Winterfell kwa akina Ned, na Arya binti wa Ned anazurura na mpiganaji anayeitwa Hound njia nzima wanachukiana mpaka wanazoeana, safari ndo ilikuwa hadithi yenyewe. Sizoni ya 7 kunguru anatumwa na barua kutoka kule Ukutani, kaskazini kabisa, na Daenerys anatokea na majoka huku wale waliomwita bado wamezingirwa kwenye barafu. Wengine wanasema vitabu viliwaishia, na ni kweli, cha 5 kilitoka 2011 na mpaka sizoni ya 8 inaisha cha 6 hakijaonekana. Lakini kuharakisha ni jambo lingine, hilo waliamua wenyewe.

Nikafika pale Daenerys anapouchoma mji mkuu, King's Landing. Nilikuwa namsuka mama mmoja wa Kibosho, mtu mzima, anasikiliza kimya. Akasema, "Mwanangu, kengele zimelia, askari wameweka silaha chini, sasa watoto anawachoma kwa nini?" Nikamwambia mama, amepoteza joka, rafiki yake Missandei amekatwa kichwa, mpenzi wake Jon hamtaki tena. Akawaza kidogo. "Hayo ni ya kumchoma yule malkia, siyo watu."

Nilikosa jibu. Na siyo kwamba Daenerys hawezi kufika huko, anaweza, sizoni ya 4 aliwatundika msalabani mabwana wa Meereen, mji aliouteka, na ya 7 akamchoma mateka wake Tarly na mwanae, njia ilikuwepo kabisa. Ila tulitakiwa tutembee naye, tumwone anabadilika kidogo kidogo kama sizoni mbili hivi, ili mama akiuliza mi niwe na la kumjibu. Inaniuma mpaka leo kwa sababu nilimpenda yule binti miaka minane.

Bado nasimulia lakini. Kuna dada ameanza kuja kusukwa kwangu, tuko mwisho wa sizoni ya 2. Robb ndo kwanza kaoa kwa siri, na dada kafurahi kweli, ananiuliza watapata mtoto lini.