Kwa mnaoanza kupima vijito vya Mara: msisingizie shamba kila kitu

Wadogo zangu, rasimu zenu za utafiti za mwaka huu zote zimefikia hitimisho lile lile: Nyangores na Amala, mito miwili inayoungana kuwa Mto Mara, ni safi ndani ya Msitu wa Mau, kisha huharibika ikiingia mashambani. Huenda ni kweli, ila data mliyonayo haithibitishi.

1. Vituo vyenu vya kupimia vya msituni viko juu kwenye baridi, katika vijito ambavyo mtu huvuka kwa hatua moja. Vya kilimo viko chini kwenye joto, mto ukiwa umekwisha kupanuka. Mto wowote, hata usiokatiwa mti, hubadilika kadiri unavyoteremka: maji hupata joto, wadudu wanaotafuna majani hupungua, na wanaokula mwani huongezeka kwa kuwa jua linafika. Ninyi mnaichukua tofauti hiyo nzima na kumbebesha mkulima wa mahindi. Sisi tuliowatangulia tulifanya vivyo hivyo, tena kwa kujiamini kuliko ninyi, hadi mtahini alipouliza mwinuko wa vituo na jopo zima likasubiri jibu ambalo halikuja. Tafuteni vijito vinavyolingana kwa ukubwa na mwinuko, kimoja msituni na kingine shambani, mvipime kiangazi na masika. Ni kazi ya kutembea, ndiyo maana hamuipendi.

2. Acheni kupima darajani. Gari linapofika, ng'ombe wamekwisha kufika, bodaboda zinaoshwa, na kingo zimekanyagwa hadi zimekuwa tope. Hicho ni kituo cha daraja, si cha kilimo. Pandeni juu kidogo, palipobaki ukanda wa miti ya asili, mgeuze jiwe: mara nyingi mtamkuta kaa wa mtoni kando ya majani yaliyotafunwa yakabaki mishipa, dalili kwamba kijito bado ni kizima, ilhali mahindi yako palepale nyuma ya miti hiyo. Basi upimeni upana wa ukanda huo, maana hakuna hata rasimu moja iliyoutaja.

3. Mikaratusi iliyopandwa kando ya kijito msiihesabu kuwa msitu. Majani yake ni magumu, yana mafuta, na hayaliki kwa urahisi.

4. Talek, tawimto jingine la Mara, haitoki Mau. Inapita kwenye nyanda za nyasi, na bonde la Mara lina viboko zaidi ya 4,000 wanaokula nyasi nchi kavu usiku na kunya majini mchana. Msiipe alama ya "imeharibika" kwa kuilinganisha na Nyangores.