Kwa askari mpya wa zimamoto: kuisoma shehena ya hatari kabla ya kuisogelea

Vijana wanaoingia katika kazi ya zimamoto na uokoaji hufundishwa mapema namna ya kutandaza mipira, kupanda ngazi na kumbeba majeruhi, na hayo yote ni ya lazima. Hata hivyo, siku utakapoitwa kwenye lori lililopinduka kati ya Chalinze na Morogoro, jambo la kwanza litakalokupasa ni kusimama mbali, upande unakotoka upepo, na kusoma. Barabara hiyo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hupitisha petroli na dizeli za nchi kadhaa pamoja na salfa ya migodi ya shaba ya Zambia na Kongo, na njia za kwenda Kanda ya Ziwa hupitisha sodiamu sayanaidi na amonia naitreti zinazotumika katika migodi ya dhahabu. Kila moja ya shehena hizo huua kwa njia yake, na njia hiyo hujulikana kwa mambo matatu: bango lililobandikwa, umbo la chombo, na tarakimu zinazoonekana kwenye kipima gesi ulichobeba mkononi.

Umoja wa Mataifa umeigawa mizigo ya hatari katika makundi tisa: vilipuzi, gesi, vimiminika vinavyowaka, yabisi zinazowaka, vioksidishaji (vitu vinavyochochea moto kwa kutoa oksijeni), sumu na vitu vyenye vimelea vya maradhi, vitu vyenye mionzi, vitu babuzi (vinavyokula ngozi na chuma), na kundi la tisa la vile visivyoingia kwingine. Namba ya kundi huandikwa kwenye pembe ya chini ya bango, ambalo ni mraba uliosimamishwa kwa pembe yake. Majina hayo tisa utayakariri kwa jioni moja. Kinachohitaji muda ni migawanyo ya ndani, kwa sababu humo ndimo maamuzi yanamobadilika. Gesi ya 2.1 huwaka, ya 2.2 haiwaki wala haina sumu lakini inaweza kufukuza hewa chumbani mpaka mtu akazirai, na ya 2.3 ni sumu. Kundi la nne lina mgawanyo wa 4.3, wa vitu vinavyotoa gesi inayowaka vikiguswa na maji, na mfano wake uko karibu nasi: kalsiamu kabaidi ya mafundi wa kuchomelea, ambayo ikimwagiwa maji hutoa asetilini. Askari aliyezoea kwamba maji ni dawa ya kila kitu ataisababisha hatari hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa maoni yangu, namba ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu nne ina faida kubwa kuliko rangi zote za bango, kwa kuwa hutaja bidhaa yenyewe na si kundi lake tu. Petroli ni 1203, dizeli ni 1202, gesi ya kupikia mara nyingi ni 1075, klorini ni 1017, amonia isiyo na maji ni 1005, sodiamu sayanaidi yabisi ni 1689, na amonia naitreti ni 1942. Ukiona bamba la rangi ya chungwa lenye namba mbili, ya chini ndiyo hiyo ya bidhaa, na ya juu hueleza hatari. Tarakimu iliyorudiwa, kama vile 33 juu ya 1203, maana yake ni kwamba hatari hiyo ni kali, na herufi X iliyotangulia namba ya juu inakukataza kutumia maji mpaka mtaalamu aruhusu. Ukiwa na namba unaweza kufungua kitabu cha mwongozo cha kurasa za chungwa kinachotolewa na Marekani, Kanada na Meksiko, ambacho hutolewa upya kila baada ya miaka minne na hupatikana bure hata kwenye simu. Kwa petroli iliyomwagika, mwongozo huo unataka utenge angalau mita 50 pande zote. Tangi lake likiwa ndani ya moto, mita 800. Kwa gesi ya kupikia ni mita 100, na tangi la lori likizingirwa na moto ni mita 1,600. Ipime mita 800 kutoka mahali kama Msamvu mjini Morogoro, nawe utaona kwamba inameza maduka, nyumba na wasafiri. Kwa sababu hiyo ombi la polisi wa kutosha litolewe redioni ndani ya dakika za kwanza, lisingoje umati ujae.

Bango lina mipaka yake, na ni haki uijue. Linaonyesha hatari kuu, wala si hatari zote. Amonia hubeba bango la sumu na la ubabuzi, na mtu anaweza kuamini kwamba haishiki moto, ilhali ndani ya chumba cha baridi cha kiwanda cha barafu au cha kusindika samaki inaweza kuwaka ikifikia kati ya asilimia 15 na 28 ya hewa. Tangi la mafuta lina vyumba kadhaa, na huenda kimoja kina petroli na kingine dizeli. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli huhitaji kupata joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi. Nakala za shehena huwa kwa dereva, hivyo mtafute yeye au utingo wake mapema, kabla hajapelekwa hospitali au kukimbia. Usipompata, lichukulie tangi zima kuwa ni la petroli. Tena tangi tupu lisikutulize: lisipooshwa limejaa mvuke, na mafundi wamekufa kwa kuchomelea matangi waliyoambiwa kwamba hayana kitu.

Sasa nije kwenye viwango vya kukabiliwa na kemikali, sehemu ambayo wengi huikwepa kwa sababu ina hesabu. Vipimo vya sumu hutajwa kwa sehemu kwa milioni, ambazo kwenye kioo cha kifaa huandikwa ppm, na vipimo vya moto hutajwa kwa asilimia. Asilimia moja ya hewa ni sehemu 10,000 kwa milioni. Ukiishika hesabu hiyo moja, mengine yote yatafuata.

Kwa kila gesi yenye sumu kuna ngazi tatu za kuzingatia. Ya kwanza ni wastani wa zamu nzima ya kazi, ya pili ni kiwango cha dakika 15, na ya tatu ni kile ambacho kukivuka kunatishia uhai au afya papo hapo, na ambacho vitabu hukiandika IDLH. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, imeweka kwa amonia 25, 35 na 300. Kwa klorini imependekeza isizidi 0.5 kwa muda wa dakika 15, na IDLH yake ni 10 tu. Monoksidi ya kaboni, ile ya jiko la mkaa lililoachwa chumbani, ina wastani wa 35 na IDLH ya 1,200. Ngazi hizi hazina maana kwamba chini yake pana raha. Zimewekwa kwa ajili ya wafanyakazi wazima wenye afya, wanaotoka kazini na kupumzika. Mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa wa pumu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kiwandani hakukusudiwa. Kuwahamisha wakazi kwa hiyo huanza mapema zaidi kuliko kujiondoa kwa askari.

Kifaa kinachopatikana katika vituo vingi hupima mvuke unaowaka kwa asilimia ya kile kiwango cha chini kabisa cha mchanganyiko unaoweza kushika moto, na kioo chake huonyesha herufi LEL. Kengele yake kwa kawaida hulia kwenye asilimia 10 ya kiwango hicho. Kwa petroli, kiwango cha chini cha kuwaka ni asilimia 1.4 ya hewa, yaani sehemu 14,000 kwa milioni, hivyo kengele ikilia umo ndani ya sehemu 1,400. Kwa upande wa moto bado hujafika pabaya. Kwa upande wa mapafu umekwisha kupita kiasi, kwani petroli ina benzini ndani yake, kemikali inayoweza kuleta saratani. Ukiifanya hesabu hiyo hiyo kwa amonia, utaona kwa nini nairudia kila mara: kiwango chake cha chini cha kuwaka ni asilimia 15, yaani sehemu 150,000 kwa milioni. Kengele inayolia kwenye sehemu ya kumi ya hapo italia kwenye 15,000, ambayo ni mara 50 ya IDLH. Askari asiye na kifaa cha kupumulia anayesubiri kengele ndani ya chumba cha amonia atakuwa ameanguka zamani, na kifaa kitakuwa bado kimenyamaza. Kifaa hakikukosea, kwa maana kimejibu swali la moto, nawe ulikuwa unataka jibu la pumzi.

Oksijeni nayo husema mengi kuliko watu wanavyodhani. Hewa safi ina asilimia 20.9, na chini ya 19.5 hairuhusiwi kuingia bila kifaa cha kupumulia. Lakini hata kabla ya hapo, oksijeni ikishuka kwa asilimia moja tu, maana yake ni kwamba karibu asilimia tano ya hewa nzima imekwisha kufukuzwa na kitu kingine, kwa kuwa oksijeni ni kama sehemu moja kati ya tano za hewa. Asilimia tano ni sehemu 50,000 kwa milioni za kitu usichokijua. Pia vipima moto vya aina ya kawaida vinahitaji oksijeni ili vifanye kazi, kwa hiyo soma oksijeni kwanza, halafu moto, halafu sumu. Kumbuka vilevile kwamba kifaa ambacho usomaji wake umesawazishwa kiwandani au kituoni kwa gesi ya methani hakisomi mvuke wa petroli kwa usahihi ule ule.

Kuhusu pua, nina machache. Hidrojeni salfaidi ya kwenye makaro hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, na ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, ambayo ndiyo IDLH yake, huua uwezo wa kunusa. Harufu ikitoweka ghafla shimoni, toka.

Umbo la chombo unaweza kulisoma kwa darubini hata pale bango limeungua au limefunikwa na vumbi. Tangi lenye mkato wa duaradufu, la bati la alumini au chuma, hubeba mafuta na halikuundwa kuhimili shinikizo kubwa, likipasuka humwaga. Tangi la duara lenye ncha mbili za mviringo kama yai, mara nyingi limepakwa rangi nyeupe, ni la gesi iliyogeuzwa kimiminika kwa shinikizo. Tangi jembamba la duara lenye pete za kuliimarisha huelekea kubeba asidi, ambayo ni nzito. Kisha kuna tangi lililowekwa ndani ya fremu ya kontena la futi 20, ambalo bandarini utalikuta kila siku na ambalo linaweza kubeba karibu kitu chochote. Hilo usilikisie, tafuta namba.

Tangi la shinikizo likipigwa na moto ndilo linaloua askari wengi kwa mara moja. Mjini Kingman, Arizona, tarehe 5 Julai 1973, tangi la reli lenye propani, gesi ya jamii ya gesi ya kupikia, lilipasuka na kuua watu 12, na 11 kati yao walikuwa wazimamoto. Kimiminika kilichomo ndani hupoza chuma kinachokigusa, lakini sehemu ya juu isiyo na kimiminika hupata moto, hulegea, kisha hupasuka, na propani ikitoka hutanuka kiasi cha mara 270. Maji yapelekwe sehemu hiyo ya juu, kwa wingi na kutoka mbali. Kama sauti ya vali ya usalama inazidi kupanda au rangi ya tangi inabadilika, ondoka na uwaondoe wenzako. Moto unaowaka kwenye tundu la gesi usiuzime kama huwezi kuifunga vali, kwa sababu gesi itaendelea kutoka bila kuwaka, itatambaa chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na itawaka ikikuta jiko la mama lishe.

Mtungi wa klorini kwenye mitambo ya maji unahitaji uangalifu wa namna nyingine. Ukivuja, jaribu kuugeuza ili tundu liwe juu, itoke gesi badala ya kimiminika, maana kimiminika chake hutanuka kama mara 460. Usimwagie maji palipotoboka, kwani maji na klorini hutengeneza asidi inayopanua tundu. Pipa la lita 200 lililovimba lina shinikizo ndani, lisiguswe. Makasha ya sodiamu sayanaidi yaliyopasuka yafunikwe kwa turubai kabla ya mvua, na yasikutane na asidi yoyote, kwa sababu hutoa gesi ya hidrojeni sayanaidi ambayo IDLH yake ni 50.

Watu wetu wamekufa zaidi kwa kusogea kuliko kwa kukosa mbio. Sachang'wan nchini Kenya mnamo Januari 2009, Sange nchini Kongo mnamo Julai 2010, na Msamvu tarehe 10 Agosti 2019, kila mahali petroli iliyomwagika ilivuta watu wenye madumu, kisha moto ukawakuta. Mkanda wa kuzuia watu uufunge kabla ya kuandaa povu, na kabla ya kuwaomba waondoke zima kila chanzo cha moto unachokiona, pamoja na injini za bodaboda na simu zinazopiga picha kando ya dimbwi.

Ukirudi kituoni, nguo na viatu vyako visafishwe nje, wala si katika chumba cha kulala. Katika kitabu cha tukio andika jina la bidhaa, namba yake ya Umoja wa Mataifa, ulisimama umbali gani na kwa dakika ngapi. Kama ulivuta klorini au amonia, mwambie daktari jina hilo waziwazi na ukubali kuangaliwa usiku huo hata kama unajihisi mzima, kwa sababu maji huweza kujaa mapafuni saa kadhaa baada ya kikohozi cha kwanza kutulia.