Kompyuta ya Nyumbani: Mfumo Endeshi Usiachiwe Muuzaji

Ndugu na majirani wanaoniomba niwasindikize Kariakoo kununua kompyuta huwa wamekwisha kukubaliana na nafsi zao kuhusu bei na ukubwa wa kioo, ilhali suala la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows, wamemwachia muuzaji, ambaye kwa kawaida atawawekea chochote alicho nacho kwenye flashi yake. Mimi huanza na swali moja: ni programu gani ambayo ikikosekana kazi yako itasimama? Mwenye majedwali ya Excel yaliyojaa makro (amri zinazofanya kazi zenyewe), au mhasibu anayetumia programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, hana sababu ya kuhangaika, achukue Windows. Anayehariri video kwa Final Cut Pro atahitaji Mac, kwa kuwa programu hiyo haipatikani kwenye Windows. Wengine wote, yaani familia zinazoandika barua, kusoma mtandaoni na kusimamia masomo ya watoto, wana uhuru wa kuchagua, na hao ndio ninaowaandikia.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko sura ya mfumo wenyewe, ni muda ambao mashine itaendelea kupokea masasisho ya usalama. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa sehemu kubwa ni ya kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa kwa bei nafuu ni za kizazi cha sita na cha saba. Kuzitambua si kazi ngumu, kwani tarakimu moja au mbili za mwanzo baada ya kistari katika jina la prosesa ndizo zinazotaja kizazi: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8250U ni ya nane, na i5-1135G7 ni ya kumi na moja. Muuzaji anaweza kukuonyesha Windows 11 ikifanya kazi vizuri kwenye mashine ya kizazi cha sita, kwa sababu zipo njia za kuruka masharti hayo, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Hata hivyo, mashine hiyo haipaswi kudharauliwa. Ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na diski ya kasi ya SSD, mimi huipa mfumo endeshi wa Linux Mint, ambao ni wa bure na ambao toleo lake la 22 litahudumiwa hadi mwaka 2029. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuuwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukajaribu Wi-Fi, sauti, kamera na hasa printa yako, kabla ya kuamua lolote. LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja nao, hufungua nyaraka za Word, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuhama kidogo. Kwa hiyo wasifu wa kuombea kazi utumwe kama PDF.

Kuhusu Mac, ninachosisitiza ni kuepuka zile za bei ya kutupa zenye prosesa za Intel, kwani macOS Tahoe, toleo la mwaka 2025 la mfumo endeshi wa Mac, ndilo la mwisho kuzikubali. Bora zenye M1, prosesa ya Apple yenyewe, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2020. Chromebook nazo, yaani kompyuta zenye mfumo endeshi wa Google unaotegemea sana mtandao, huhesabiwa muda wa masasisho tangu aina hiyo ya mashine ilipotolewa na si tangu siku uliyoinunua, na hukosa sehemu kubwa ya manufaa yake bando likiisha.

Ukiamua kuchukua Windows, usitoe fedha kabla ya kufungua mipangilio ya mfumo na kuona kwamba leseni imeamilishwa. Programu zinazotumika kukwepa leseni ni njia mojawapo ya kuingiza virusi, na kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisini zililetwa na leseni halali iliyofungwa kwenye ubao mama, mara nyingi kukwepa huko hakukuhitajika kabisa: fundi angesakinisha upya toleo lilelile la Windows, Home au Pro, nayo ingejiamilisha yenyewe mara tu ikiunganishwa na intaneti.