Re: ISBN zinageuka 9.78998E+12 kwenye Excel

Habari ndugu. Umeskani vitabu kwa simu, ukafungua faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) kwenye Excel, na sasa safu ya ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) inasoma 9.78998E+12, LibraryThing, ile tovuti ya kuorodhesha vitabu, nayo inazikataa. Skana haina kosa. Excel imeona tarakimu 13 ikadhani ni hesabu.

Kwanza angalia: ulibonyeza "Save"? Kama hapana, faili bado ni zima, lifunge tu. Kama ulihifadhi, namba zimekatwa kweli na hazirudi. Vitabu vya Tanzania vyenye 9789976 vyote vinakuwa 9.78998E+12, vya Kenya vya 9789966 vinakuwa 9.78997E+12, huwezi tena kujua kipi ni kipi. Itabidi utoe faili upya kwenye programu ya simu.

Usilifungue kwa kubofya mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua Transform Data, bofya safu ya ISBN na ubadili aina iwe Text. Ikikuuliza, chagua Replace current. Kubadili kuwa Text baada ya namba kukatwa hakusaidii kitu.

Njia hii ya kufungua faili pia huokoa ISBN za zamani za tarakimu 10, maana zinazoanza na 0 hupoteza sifuri hiyo na kubaki 9. Ikiwa namba inaishia na X, iache, ni sehemu ya namba.

Vitabu vya kabla ya 1970 havina ISBN; hivyo viingize kwa jina, mwandishi, mchapishaji na mwaka.