Aliyeligandisha jina ardhini ni mtawala

Mhariri, wiki hii mmeuliza ilikuwaje maeneo ya kale yakaitwa kwa majina ya makabila. Jibu la haraka ni kwamba kabila lilihamia, likakaa, nchi ikaitwa kwa jina lake. Mimi naona aliyeligandisha jina ardhini mara nyingi alikuwa mtawala mgeni anayetafuta kodi. Ushahidi wangu ni Galia, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa.

Jenerali wa Kirumi Julius Caesar alianza kuiteka mwaka 58 KK. Baadaye Warumi walizigeuza himaya za makabila kuwa wilaya, kila moja na mji wake mkuu, baraza la matajiri wa kabila lenyewe na kodi yake. Mwaka 12 KK madhabahu ilizinduliwa Lyon, na mwanajiografia Strabo anasema iliandikwa majina ya makabila 60. Wajumbe wao walikusanyika hapo kila tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo jina la kabila lilishakuwa jina la ofisi.

Miji mikuu hiyo ilikuwa na majina mengine kabisa. Paris iliitwa Lutetia, Reims iliitwa Durocortorum, Amiens ilikuwa Samarobriva. Kufikia karne ya 4 majina hayo yalikuwa yakiachwa, watu wakitaja kabila tu: Waparisii, Waremi, Waambiani. Tours, Poitiers na Limoges ni vivyo hivyo. Lyon yenyewe, iliyoanzishwa kama koloni la Warumi, ilibaki na jina lake.

Kilichoyaokoa majina hayo, kwa maoni yangu, ni kanisa. Maaskofu walizifuata wilaya zilezile, na dola ilipoanguka wao hawakuondoka. Lugha ya Wagalia ilikufa, lakini Waarverni, kabila la Vercingetorix aliyeshindwa na Caesar huko Alesia mwaka 52 KK, bado wamo katika jina la Auvergne.

Nasi tumo. Warumi walipoibomoa Carthage mwaka 146 KK, waliliita jimbo lao jipya Africa, kwa jina la Waafri waliokaa jirani na mji huo, kwenye Tunisia ya leo. Waarabu wakalirithi, wakaliita Ifriqiya. Jina la watu wa kona moja ya kaskazini likaenea kusini, karne baada ya karne, hadi likafika Rasi ya Tumaini Jema.