Kabla hujalima mteremko, tazama maji yanapita wapi

Shamba langu la kwanza lilikuwa kwenye mteremko, nami nililipiga matuta yakishuka moja kwa moja toka juu hadi chini. Msimu wa pili, mvua kubwa tatu zilitosha. Mifereji kati ya matuta ikawa makorongo, na huko juu yakachomoza mawe ambayo sikuwahi kuyaona. Uchungu ulinizidi nilipojua kilichokwenda na maji: sentimita moja tu ya udongo huweza kuchukua mamia ya miaka kuumbika.

Kwa hiyo nakusihi ujue kwanza udongo wako ulivyozaliwa. Penye baridi kali, maji hupenya kwenye nyufa za mwamba, na yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, hata jiwe likapasuka. Penye joto na mvua nyingi, maji yenye asidi hafifu huyeyusha mawe ya chokaa na kuyageuza madini ya feldspa, yaliyomo katika miamba mingi, kuwa mfinyanzi. Mizizi nayo inasukuma. Yote hayo hutokea mwamba ukiwa palepale. Mmomonyoko ni jambo jingine: vipande vinapochukuliwa na maji, upepo au barafu. Ukichanganya mambo haya mawili utadhani udongo unarudi upesi kama unavyoondoka.

Barafu ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Barafuto, yaani mto wa barafu usogeao polepole, hubeba mawe yanayokwangua mwamba kama msasa na kuacha bonde pana lenye umbo la U, kama Bonde la Teleki katika Mlima Kenya. Mwamba unaokwanguliwa husagika ukawa unga. Huko Iowa, Marekani, upepo uliurundika unga wa namna hiyo ukawa vilima vya loesi, udongo wenye rutuba sana lakini unaomomonyoka kwa urahisi mno. Nami nilidhani udongo mzuri hujishikilia wenyewe!

Ili ujue udongo wako ni wa namna gani, chukua chupa angavu, tia udongo hadi theluthi, jaza maji, tikisa, kisha iache itulie. Mchanga hutuama kwa dakika moja hivi, chembe za tope laini kwa saa kadhaa, mfinyanzi baada ya siku nzima au zaidi. Ukiona tabaka la katikati, lile la tope laini, ndilo nene, kuwa mwangalifu zaidi: kama loesi, humomonyoka kwa urahisi.

Halafu, mvua ikinyesha, toka nje uangalie. Tone kubwa huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, na udongo mtupu huruka kila linapopiga. Nilipofunika shamba kwa mabua na kupiga matuta yaliyokingama mteremko, maji yaliyotoka chini yalianza kupungua wekundu. Anza na tuta la juu kabisa. Maji yakishapata kasi, tuta la chini halitayazuia.